Mtoto anataka kukimbia, uani ni pevingi na magari

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku, mtoto amelala, maana akiwa macho sipati hata nafasi ya kushika simu. Ana mwaka mmoja na miezi tisa, ndiye wangu wa kwanza. Alisimama dede akiwa na miezi tisa, akapiga hatua mwezi wa kumi na moja, na tangu hapo sijamwona akitembea. Ni mbio tu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamishiwa Dodoma kutoka Tanga. Mume wangu ni mwenyeji wa mkoa huu, kwao Bahi, anauza vifaa vya ujenzi. Tumepanga Ilazo, wapangaji watatu ndani ya ukuta mmoja. Nyumba ni nzuri, silalamiki, ila mwenye nyumba alitandika pevingi kuanzia getini mpaka nyuma jikoni, hakubakiza hata mahali pa kupanda mchicha. Magari matatu yanalala humo ndani. Kuna tangi la maji la chini, kuna chemba, kuna ngazi ya chuma ya kupandia kwenye simtanki. Jua likishapanda, ile pevingi inaunguza nyayo.

Mwezi uliopita, jioni, mpangaji mwenzetu alitoka na gari akaacha geti wazi kidogo, akidhani kuna mtu nyuma yake atalifunga. Dada wa kazi alikuwa anaanua nguo, mimi naoga. Natoka bafuni, mtoto hayupo. Tulimkuta kiwanja cha pili, wanakojenga, ambako wamechimba shimo la maji taka lenye kina kunizidi mimi. Alikuwa amechuchumaa ukingoni anatupa kokoto moja moja ndani, kisha anainamisha kichwa kusikiliza zikilia chini. Kijana wa fundi ndiye aliyemdaka mkono. Shangazi, tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Sasa geti lina kufuli saa zote na mtoto anashinda ndani. Dada ana miaka kumi na minane, ni binti mzuri, lakini nikirudi saa kumi na moja na nusu nakuta katuni zimewashwa, na nadhani zinawaka tangu nilipotoka. Usiku mtoto halali mpaka saa tano, anaruka juu ya makochi.

Nilijaribu kumpeleka mjini. Bustani ya Chinangali tulikwenda siku ya sikukuu, palikuwa na watoto kama siafu, wakubwa wanapanda bembea wawili wawili. Wangu akapita mbele ya bembea, ikamkosa kwa kiasi cha kidole. Nyerere Square nako, nimemweka chini tu, akaondoka mbio kuelekea barabarani. Nikarudi nyumbani nalia.

Mama mkwe alipokuja alinishangaa. Alisema mtoto hafungwi kama ndama, kwao mtoto anazunguka mwenyewe na njaa ndiyo inayomrudisha. Mume wangu akacheka, akasema mimi ni mwoga kwa sababu nililelewa mjini.

Naomba uniambie, katika Dodoma hii mtoto mdogo anaweza kuzunguka wapi kwa usalama? Na je, nimpeleke kituo cha kulelea watoto wakati hata maneno hajakamilisha? Na huo woga wangu, ni ugonjwa au ni akili?

Mama wa Mbio, Ilazo

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na shimo, mengine yatasubiri. Kesho asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kazi, mtume mume wako akaonane na mwenye ujenzi au fundi mkuu. Namtaja mume wako makusudi: anauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mafundi ni watu wake na wanamsikiliza, na isitoshe ni yeye aliyecheka. Shimo lizungushiwe mabati, na wanapoondoka jioni lifunikwe kwa mbao nzito. Hilo si ombi la hisani. Wakipuuza, nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, na msiondoke pale mpaka naye ametoka ofisini kwenda kuliona kwa macho yake. Ilazo haina shimo moja. Mtaa mzima unajengwa, na watoto wa umri wa wako wako nyumba nyingi.

Halafu geti. Kufuli saa zote si salama, maana siku moto ukiwaka mtakuwa mnatafuta ufunguo gizani. Mwiteni fundi wa kuchomelea aweke komeo juu, usawa wa kidevu chako, na achomelee bati chini kama pana uwazi ambao kichwa cha mtoto kinapita. Kisha wapangaji wote watatu mkae kikao cha dakika kumi, tena kwa soda. Sheria iwe moja: hakuna anayewasha gari mpaka ameuliza kwa sauti, "Mtoto yuko wapi?" na mtu mzima amejibu, "Ninaye." Mwenye Noah akiwa kwenye usukani hamwoni mtoto aliyesimama nyuma usawa wa bampa. Haijalishi anampenda kiasi gani. Wewe umeshtushwa na shimo la jirani, nami nakuelewa, lakini mimi kilichonishtua zaidi katika barua yako ni yale magari matatu, kwa sababu shimo litafukiwa na magari yatabaki.

Mfuniko wa tangi la chini nao uwe na kufuli. Wa chemba vilevile. Ngazi ya simtanki ifungiwe ubao kwenye vidato vya chini. Na kwa kuwa Dodoma ni mji wa mgao wa maji na kila nyumba ina ndoo na mapipa yaliyojaa, kumbuka kwamba mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika hata goti lako. Kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za kiuno chake, akiinama ndani ya ndoo hawezi kujinyanyua. Ndoo zifunikwe, beseni la kufulia limwagwe kazi ikiisha.

Sasa pumua, tuzungumze.

Soma tena ulivyoandika kuhusu kokoto. Mtoto alichuchumaa, akatupa moja, akasikiliza, akatupa nyingine. Wewe umeona kifo, na ulikuwa na haki. Mimi nimeona pia mtoto anayefanya kazi yake. Huo ndio mchezo wa umri huo: kutupa, kumimina, kubeba, kufungua na kufunga, kupanda na kushuka, kwenda mbali kidogo halafu kugeuka kuona kama mama yupo. Hahitaji bembea. Bembea ni furaha ya watoto wa miaka minne na kuendelea, na wazazi tunaipenda kwa sababu inapendeza kwenye picha. Wako mpe ndoo ya bati na kokoto kubwa kuliko kinywa chake, mwone.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali la "wapi" halianzii mjini. Linaanzia kwenye kona ya uani. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kung'oa pevingi eneo la mita mbili kwa tatu, upande wenye kivuli cha ukuta saa za jioni, na umwahidi kwamba siku mnahama mtazirudisha. Akikataa, tafuteni tairi chakavu la trekta, mlilaze juu ya hiyo hiyo pevingi, mjaze mchanga wa mtoni. Mchanga Dodoma haujawahi kuwa tatizo, makorongo yetu yamejaa. Toboeni tairi matundu chini ili mvua za Desemba zisituame humo mbu wakazaliana, na kila jioni mfunike kwa turubai, kwa sababu paka nao wanatafuta mchanga laini. Mtupie humo sufuria kuukuu, mwiko, vikombe vya plastiki, kopo la maziwa. Vizibo vya chupa toa, hivyo vinakaba koo. Nakuhakikishia mtoto atakaa pale muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa popote akiwa macho.

Kabla hajaingia, wewe piga magoti. Sikutanii. Piga magoti utambae uani mzima, utazame kwa kimo chake. Utaona msumari wa mjenzi, waya uliochomoza, kipande cha chupa, na chini ya rundo la matofali huenda ukamwona mwenyewe wa Dodoma, nge. Nge anapenda ubaridi wa chini ya mawe, mbao na mabati yaliyolala. Rundo lolote lililokaa wiki mbili usilihamishe mtoto akiwa karibu, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mwanangu wa pili aligongwa na nge akiwa na miaka miwili, kwa sababu mimi mwenyewe nilihifadhi matofali nyuma ya jiko nikisubiri hela ya kujenga banda la kuku. Banda halijajengwa mpaka leo. Akigongwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, mbebe hospitali palepale. Usichanje, usifunge kamba. Kwa mtu mzima mara nyingi ni maumivu tu, kwa mtoto mdogo sumu ile ile inaingia kwenye mwili mdogo.

Na tazama uzio wa jirani. Kama ni minyaa, na pembezoni mwa mji huu bado ipo mingi, mtoto asiichezee kabisa. Ule utomvu mweupe ukiingia machoni unachoma vibaya. Ikitokea, mwagia jicho maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha hospitali, usisubiri kesho.

Nije kwa dada, maana hapa ndipo penye siri ya katuni. Jiulize umemwachia kazi gani. Kufua, kudeki, kupika, kuosha vyombo, kupiga pasi, na kumwangalia mtoto anayekimbia. Katika hizo, ni ipi ambayo ukirudi utaiona kwamba haikufanyika? Sinki lenye vyombo utaliona. Mtoto aliyekosa kucheza humwoni. Binti wa watu amefanya hesabu zake vizuri kabisa, amewasha runinga ili asigombezwe. Mpunguzie. Mwambie wazi: asubuhi saa moja na nusu hadi saa tatu, na alasiri saa kumi mpaka utakaporudi, kazi yake ni moja tu, mtoto nje, na vyombo vikilala, vilale. Utashangaa. Miaka kumi na minane naye bado ana mchezo ndani yake.

Hizo saa sijazichagua kwa kubahatisha. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, anga yake haina mawingu miezi mingi, na jua la saa sita halina huruma. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo unasukuma vumbi mchana kutwa, hata mtu mzima anatembea amefumba macho nusu. Asubuhi mapema pametulia, ingawa Juni na Julai utahitaji sweta. Jioni jua likishalegea, mwili unafunguka. Mvua zikianza, unapata nyasi na kivuli kizuri cha miarobaini, ila unapata na madimbwi na mifereji inayojaa ghafla maji ya kutoka mbali, hata kama kwako halijadondoka tone.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne apate walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Usitishike na hiyo namba, si za mfululizo. Kubeba mchanga ni humo, kufukuza kuku ni humo, kutembea na wewe mpaka dukani kununua vitunguu, mwendo wa dakika tatu ambao yeye ataufanya ishirini na tano, ni humo. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na akitimiza miwili isizidi saa moja. Kwa hiyo yale makochi yanayorukwa usiku wa saa tano, mwanangu, ni deni la mchana linadaiwa usiku.

Vumbi lina neno lake hapa kwetu. Wilaya ya Kongwa, hapo jirani tu, watafiti wamefuatilia trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, tangu miaka ya 1980, na moja ya mambo waliyoyasisitiza ni rahisi mno: uso wa mtoto uwe safi, nzi wasipate cha kunyonya machoni. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kunawisha uso na viganja akitoka kwenye mchanga. Na Juni na Desemba usikose kampeni za vitamini A na dawa za minyoo. Huyo wako kwa umri wake anapata vyote viwili.

Sasa mama mkwe. Ana haki nusu. Mtoto kweli hafungwi kama ndama. Lakini muulize, kwa adabu, na kikombe cha chai mkononi: huko Bahi mtoto alipokuwa anazunguka mwenyewe, nani alikuwa pale? Atakutajia. Bibi anapepeta mtama. Shangazi anasuka ukili chini ya mti. Dada wa miaka tisa na wenzake wanatwanga huku wanaimba. Ua umefagiwa tangu alfajiri na hakuna gari hata moja. Mtoto hakuwa peke yake hata dakika moja, ila waliomwangalia hawakuhesabiwa kama walinzi, wala hawakulipwa, na wala hawakujua kwamba wako zamu. Wewe hapo Ilazo una ukuta wa matofali wenye vigae vya chupa juu, na nyuma yake kuna mama mwingine aliyefunga geti na mtoto mwingine anayeruka juu ya makochi. Nafasi ya kukimbilia mnayo. Mliyoyapoteza ni yale macho.

Nilipokuja Dodoma mwaka 1988 tulikaa Makole, na sikuwa na bustani wala bembea. Nilikuwa na mama Mgogo wa nyumba ya pili ambaye akiona mwanangu amevuka mtaro anaita jina langu kwa sauti ambayo ilisikika mpaka stesheni. Mji ulikuwa mdogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000 katika jiji hilo hilo. Wengi ni kama wewe, mmekuja na barua ya uhamisho, hamna shangazi wala bibi wa karibu, na kitu cha kwanza mlichofanya baada ya kushusha mizigo ni kuulizia fundi wa kupandisha ukuta.

Basi kopa macho. Wiki hii tembea na mtoto mtaani saa kumi na moja na nusu, kwa miguu, kwa mwendo wake. Baada ya siku nne au tano utakuwa umekutana na mama wawili watatu wenye watoto wa kimo hicho, kwa kuwa mtoto ni kadi ya utambulisho kuliko kitambulisho cha taifa. Waalike kwako Jumamosi asubuhi, kwenye ule mchanga. Wiki inayofuata mwende kwa mwingine. Magari yote yatolewe nje ya geti kwa hizo saa mbili, mkeka utandikwe, uji upikwe, mama mmoja akiwa na kazi ya kuangalia tu, bila simu, bila kumenya viazi, kisha mnabadilishana. Sema wazi ni zamu ya nani. Wakubwa wakiwa watano wote wanaangalia, mara nyingi hakuna anayeangalia. Kila mmoja anadhani mwenzake anaona. Mpangaji wenu aliacha geti kwa dhana hiyo hiyo.

Mkishakuwa watatu wanne, mnaweza kutoka nje ya kuta. Watu wengi hawajui kwamba mpango wa kwanza wa makao makuu, wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni kutoka Toronto, ulimweka mtu wa miguu mbele ya gari: makazi ya ujirani, njia za kutembea, maeneo ya wazi katikati ya nyumba. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini maeneo ya wazi hayajaisha yote. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa mkaulize kiwanja cha wazi cha mtaa wenu kiko wapi kwenye ramani. Ulizeni kama kikundi, kwa karatasi, na mkumbusheni kwamba Desemba 2021 serikali ilizindua hapa hapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo ndani yake imo afya, lishe, ulinzi na usalama wa mtoto kama huyo wako. Mkikuta kiwanja kimegeuzwa jalala au gereji, mjue mmeanza safari ndefu, na mtoto wenu atakuwa darasa la pili kabla haijaisha. Anzeni hivyo hivyo, kuna wadogo zake nyuma.

Kwa sasa, uwanja wa shule ya msingi Jumamosi ni mali kubwa. Mwalimu mkuu akiombwa vizuri, hakatai watoto wanne na mkeka. Kiwanja cha kanisa au msikiti wenu, siku isiyo ya ibada, vilevile, kwa ruhusa ya mzee au mlinzi. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, mbigili za Dodoma hazichagui mgeni wala mwenyeji. Chinangali si pabaya hata kidogo, ulikosea siku. Pana nafasi na pana sehemu ya michezo ya watoto. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi ukiwa na likizo, au Jumapili saa moja na nusu kabla mji haujaamka. Chuma cha kuteleza kiguse kwanza kwa mgongo wa mkono wako; kikikuunguza wewe, kitambabua yeye. Na mkifika karibu na bembea, wewe ndiye unayesimama kati ya mtoto na bembea, kwa sababu mtoto huyu hawezi kukadiria kitu kinachorudi. Nyerere Square iache kwa miaka miwili zaidi. Ni pazuri pa kupumzika mtu mwenye gazeti, lakini barabara ziko pembeni mwake na kwa mkimbiaji kama wako kila pengo ni lango.

Bustani za nyama choma zenye vibembea pembeni, mimi sizipendi kwa watoto wa umri huu. Saa nane ni familia, saa kumi na mbili ni walevi, na chini ya kiti cha jirani yako kuna makaa ambayo mhudumu ameyamwaga sasa hivi. Najua pia kuna msomaji ataniandikia kwamba mtoto apelekwe mnadani Msalato Jumamosi akaone ng'ombe. Apelekwe, mgongoni, amefungwa kitenge.

Kuhusu kituo cha kulelea watoto: umri wake si tatizo, tatizo ni kituo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na maofisa ustawi wa jamii ndio wenye kuvikagua, kwa hiyo cheti omba kukiona, usione haya. Halafu rudi siku nyingine bila taarifa, saa nne asubuhi. Usitazame kuta zilizochorwa Mickey Mouse. Tazama watoto wako wapi. Wakiwa nje, wachafu, wanagombania kopo, na mlezi amechuchumaa katikati yao, mwandikishe. Wakiwa wameketi mistari mitatu kwenye viti vya plastiki wanaimba herufi, na nje kuna uwanja mzuri usio na hata alama ya unyayo, mshukuru mwenye kituo uondoke. Ukikipata kizuri, siku tatu kwa wiki zinaweza kumtosha, na dada naye akapata nafasi ya kusomea ushonaji au chochote anachokitamani. Hilo hukuniuliza, nimeliongeza.

Kuhusu woga wako, uliniuliza kama ni ugonjwa. Mtu aliyemkuta mwanawe ukingoni mwa shimo akalala usingizi mnono usiku ule ule, huyo ndiye ningemtilia shaka. Woga wako ulikuambia kweli, kisha ukakosea hatua ya pili: ukafunga mtoto badala ya kufunga shimo. Ukishaweka mabati, komeo, na ile sheria ya magari, ujaribu kumwacha mbele yako hatua tano bila kumwita. Kesho yake hatua nane. Barabarani na kwenye maji, mkono wako uwe unamfikia bila wewe kunyanyuka. Ndani ya uani uliosafishwa, jicho linatosha. Akianguka kwenye mchanga, hesabu mpaka tatu kabla hujakimbia. Mara nyingi atatazama uso wako kwanza ili ajue kama alie au asilie. Na ikipita miezi miwili bado hulali, au unaliona lile shimo ukifumba macho, mweleze muuguzi kliniki unapompeleka mtoto kupima uzito. Nao wanasikiliza hayo.

Mwisho, baba mtu. Usibishane naye kuhusu Tanga na Bahi, utashindwa, yuko kwao. Jumapili hii mwamshe saa kumi na mbili na nusu. Mtoto avae suruali ndefu na viatu vya kufunga, chupa ya maji, ndizi moja, kofia, na kile kindoo chake cha kokoto. Waende Chinangali wawili tu, warudi saa tatu. Asipewe simu yenye chaji ya kutosha.

Wewe ulale.

Shangazi